Embe, pera na bakteria wa utumbo mpana

Desemba ikifika, Tabora yote inanukia maembe. Miembe ya tangu enzi za misafara bado inazaa, watoto wanarudi nyumbani nyuzi zimewaganda kwenye meno, na ndoo nzima inauzwa kwa bei ya kutupwa. Ndipo mabishano ya tumbo yanapoanza upya. Huyu anasema embe ni dawa ya tumbo kwa sababu linalisha bakteria wa utumbo, yule anasema ni sukari tu na linawaharisha watoto. Naona kila mmoja ameshika kipande cha ukweli.

Nianze na ukakasi. Uma pera bichi uone: mate yanakauka, ulimi unakuwa kama umesuguliwa kwa jani la msasa. Hiyo ni kazi ya tanini, ambazo hunasa protini za kwenye mate na kuondoa utelezi wake. Tanini ni ndugu wa kundi kubwa la kemikali za mimea liitwalo polifenoli, ndilo hilohilo linaloyapa zambarau rangi inayobaki kwenye ulimi. Sehemu kubwa ya polifenoli haifyonzwi na utumbo mwembamba. Inateremka mpaka utumbo mpana, na huko bakteria huzivunjavunja kuwa vipande ambavyo mwili unaviweza.

Kwa hiyo wanaosema tunda linalisha bakteria wana hoja. Mwaka 2018, watafiti wa Texas, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 36 wenye shida ya choo kigumu. Baadhi walikula gramu 300 za embe kila siku kwa wiki nne, wengine wakapewa unga wa nyuzinyuzi, kwa kiasi sawa na nyuzinyuzi zilizomo kwenye embe hizo. Wote walipata nafuu, lakini wa embe walipata zaidi. Maana yake kuna kitu ndani ya embe kinachofanya kazi zaidi ya nyuzinyuzi zake.

Lakini ni watu 36, kwa wiki nne, na tatizo lao lilikuwa choo kigumu. Hawakuwa na vidonda vya tumbo, wala minyoo, wala homa ya matumbo. Hapo ndipo roho inaponiuma nikimsikia mtu anatangaza unga wa kokwa la embe kuwa unatibu magonjwa yote ya tumbo. Mtoto anayeharisha anahitaji ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki, na mwenye damu kwenye choo aende hospitali leo, asisubiri kesho.

Kuna jingine ambalo wauzaji hawalisemi: bakteria wetu hawafanani. Kemikali za komamanga hugeuzwa na bakteria kuwa vipande vidogo viitwavyo urolithini, ila wapo watu ambao matumbo yao hayana bakteria wa kazi hiyo. Majirani wawili wanaweza kugawana tunda moja na wasipate kitu kilekile.

Na ule ukakasi una gharama yake. Tanini hunasa pia madini ya chuma yatokayo kwenye maharage na mboga za majani. Mjamzito aliyeambiwa damu yake ni kidogo asishushie mlo wake kwa pera bichi. Pera likiiva, ukakasi unapungua, na vitamini C yake inasaidia chuma kufyonzwa. Mti ni uleule, tofauti ni siku chache za kusubiri.

Mimi nimeegemea upande wa wala matunda, ila swali langu ni la Machi, si la Desemba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science uliwahusu Wahadza, watu wa hapahapa Tanzania wanaoishi kwa kuwinda na kuokota matunda, mizizi na asali. Ulionyesha kwamba baadhi ya bakteria wao hupotea msimu mmoja na kurudi mwingine, chakula kinapobadilika. Sasa sisi tunaojaza maembe miezi miwili kisha tunarudi kwenye ugali na dagaa pekee, tunawaachia nini hao bakteria? Jirani yangu ana mpapai nyuma ya jiko, unakunywa maji ya kuoshea vyombo na unazaa karibu mwaka mzima. Maembe yakiisha sokoni, kwake bado kuna papai mezani.