Wachakachuaji wa dizeli mnatuulia pampu

Mwenye Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 1HZ atanielewa. Injini ile ya silinda 6, lita 4.2, haina makuu: ibadilishie oili na filta kwa wakati, itakutumikia miaka na miaka. Kinachoiua ni mafuta ya taa yanayochanganywa kwenye dizeli. Pampu yake, ile inayosukuma dizeli kwenye silinda, inalainishwa na dizeli hiyohiyo inayopita ndani, na mafuta ya taa hayana utelezi wa kutosha. Vyuma vinasagana, gari linakosa nguvu mlimani, asubuhi linagoma kuwaka. Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili yasiwe na bei ya chini kuliko dizeli na mchezo huu ukome, na bado wapo wanaochanganya! Fundi wa pampu, yule wa kweli, naye hapatikani kila mtaa. Vituo vya mafuta vinavyokamatwa vifungwe kabisa.