Shikamoo baba, na ya kutolea

Saa kumi na moja na nusu asubuhi, hata jogoo wa jirani hajamaliza kusafisha koo, simu inalia. Meseji. "Shikamoo baba." Basi, imeishia hapo. Mi nikaiweka simu chini taratibu kama mtu aliyeshika waya asiojua una umeme au hauna, nikamgusa mama watoto bega, nikamwambia amka, mwanao kanisalimia, leo tumekwisha.

Maana nina kijana yuko chuo Dodoma na shikamoo zake nishazijua bei. "Shikamoo baba" kavu hiyo ni bando, elfu tano haizidi. "Shikamoo baba yangu" hapo ni hela ya kula, ishirini. "Shikamoo mzee wangu kipenzi, natumai umeamka salama na Mungu azidi kukutunza" hiyo usijibu haraka, hiyo kaa kwanza unywe maji, hiyo simu imedumbukia chooni. Na ukiona kaweka picha yako ya ujanani kwenye status ina maua pembeni imeandikwa shujaa wangu, we nenda kakope kabisa kabla hajafungua mdomo. Wazee wanasema shikamoo maana yake nashika miguu yako, sa huyu wangu anashika miguu kwa mkono mmoja, wa pili unapapasa mfuko wa suruali.

Na ukishamtumia anakujibu nini? "Asante baba, na ya kutolea." Yani nimejikamua, nimepita kwa wakala na jua lile, nimeituma, halafu natakiwa nigharamie na safari ya hela yenyewe kutoka kwenye simu kuingia mkononi mwake!

Mi ni fundi wa feni na friji hapa Mbagala Rangi Tatu, nasuka mota, nabadilisha kapasita, hela yangu inategemea joto. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane Dar ikipoa kidogo hakuna mtu anayekumbuka kama ana feni. Sasa hayo ndo nilikuwa namlalamikia mama watoto, nikasema huyu mtoto hanijui mimi, anajua namba yangu tu, angekuwa ananipenda angepiga siku moja aniulize mzee kiuno kinaendeleaje. Yeye yuko jikoni anageuza maandazi, hata hakunitazama, akasema, "We baba, na wewe jana usiku ulikuwa unasali au ulikuwa unaagiza mzigo Kariakoo?"

Nikanyamaza. Si unajua ile ya kunyamaza huku unatafuta jibu na jibu halipo.

Maana jana usiku ni kweli nilisali kwa sauti, natafuta fremu ya barabarani ya kufanyia kazi, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, laki tisa, na dalali anataka ya kwake ya mwezi mmoja, laki na nusu. Sasa mi kwenye maombi nina ngazi zangu. Mambo yakiwa shwari nasema asante kwa siku ya leo amina, shuka kichwani. Shida ikiwa ndogo naanza na Baba. Ikiwa ya kati, Baba Mungu Mwenyezi. Jana nilianza na Mfalme wa wafalme, Simba wa kabila la Yuda, Bwana wa majeshi, Alfa na Omega, nikazunguka huko kama dakika saba hivi ndo nikafika kwenye laki tisa. Halafu nilipomaliza, nishasema amina kabisa, nikakumbuka nikarudi, "Bwana, na ya dalali."

Na ya kutolea hiyo.

Nikajitetea, nikamwambia mama watoto lakini mi huyu kijana sijawahi kumtupa, Yesu mwenyewe kasema ni baba gani mtoto akimuomba samaki atampa nyoka, na kwenye Luka 11 kaongeza akimuomba yai atampa nge? Mi nyoka sijawahi kumpa. Akasema nyoka hujampa, ila mtoto akiomba samaki unampa dagaa. Sasa dagaa si samaki jamani! Maandiko yamemtaja nyoka na nge, dagaa hawakutajwa popote. Nikachukua andazi langu moja nikaondoka, maana mwanamke akishaanza kujibu kwa mistari huna pa kutokea.

Nikapita kijiweni kwa mzee wa kahawa, nikanywa vikombe viwili na kashata, nikamwelezea. Yule mzee ni swala tano, mtu wa Kilwa, maneno yake machache. Akamimina, akasema, "Sie kwetu Mungu hatumwiti baba, hilo neno lenu. Lakini nyie mliochagua kumwita baba si mngekuwa mnampitia hata siku ambayo hamna shida? Baba gani anapelekewa bili tu." Watu wakacheka. Mi nikalipa, nikasahau na chenji.

Kutwa nzima sasa nafanya kazi jicho liko kwenye simu nangoja meseji ya pili. Saa tatu, hamna. Saa tano, hamna. Nikaanza kuwaza huyu mtoto leo anaandaa jambo kubwa. Mwezi uliopita aliomba laki tatu anunue spika, subwoofer ile ya kutikisa vioo, nikamwambia hapana, akaniandikia "baba kumbe hunipendi", na mi ndo nimelipa ada muhula huo huo! Hapo niliumia ila nikajifunza kitu, nikakumbuka pale Gethsemane, Marko 14, Yesu anasali anamwita Mungu Aba, ndo neno la Kiaramu la nyumbani kwao, mtoto anavyomwita babake, anasema kila kitu kwako chawezekana, niondolee kikombe hiki. Na kikombe hakikuondolewa. Mwana wa pekee huyo. Sasa mi ninayenyimwa fremu nanuna wiki nzima sifungui Biblia, nina tofauti gani na wa subwoofer?

Pale kibandani ninashea na jamaa fundi redio, mpole sana, yeye ukimwambia Mungu ni Baba anakaa kimya anaokota skrubu. Baba yake aliaga anafuata sigara dukani, jamaa akiwa darasa la pili, mpaka leo sigara haijapatikana. Siku moja akaniambia mi hilo neno linanikwama, mi nikisali naanzia kwa mama, Isaya 49 imeandikwa mwanamke anaweza kumsahau mtoto anyonyaye, lakini Mungu hakusahau, hapo mimi naingilia. Sikuwa na la kumwongezea. Nikampa plaizi maana alikuwa anaitafuta.

Sasa niwape na ya mdogo wangu, hii ndo inanichoma. Mdogo wangu wa tumbo moja anakaa Gongo la Mboto, miezi minane iliyopita alikuja kuazima drili yangu atoboe ukuta aning'inize pazia. Pazia tu! Drili ikarudi imeungua koili, inanuka kama mshikaki uliosahauliwa jikoni, na kaiviringisha kwenye gazeti kama maandazi, kaiacha kwa mama watoto, kakimbia. Mimi fundi wa kusuka mota naletewa mota imeungua na ndugu yangu, hata samahani hamna! Nikasema basi, huyu na mimi mpaka Yesu arudi. Nikafuta namba. Namba yenyewe naijua kwa kichwa lakini nikaifuta ili ajue, ingawa sijui angejuaje.

Mama yetu yuko Ifakara. Kila mwisho wa mwezi namtumia kidogo, na yeye kila nikimtumia anasema asante mwanangu Mungu akuzidishie, halafu anakaa kimya kidogo, halafu, "Na mdogo wako umeongea nae?" Nikituma thelathini, umeongea nae? Nikituma hamsini nikidhani labda itamziba, umeongea nae? Mwezi uliopita nikatuma na kitenge juu, akasema kizuri sana, rangi nimeipenda, mwenzio umeongea nae? Yani ile hela kwake haina ladha, naisikia kabisa kwenye sauti. Mzazi umletee zawadi huku umemnunia mtoto wake mwingine, hiyo zawadi anaipokelea wapi?

Sasa juzi Jumapili mchungaji kafungua Mathayo 5, ukileta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka. Kwa kweli niliposikia "iache sadaka" nilipata kaamani kadogo, bahasha nikaanza kuirudisha mfukoni. Kumbe unaiacha pale pale mbele ya madhabahu, wewe ndo unaenda kupatana, halafu unarudi kuitoa! Halafu kama haitoshi akaruka mpaka waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya 4, mtu akisema nampenda Mungu na anamchukia ndugu yake ni mwongo. Hakusema amekosea, kasema mwongo. Mama watoto akanitazama. Safu nzima wakanitazama, au niliona hivyo mimi.

Na ile ya mwana mpotevu ndo usiniambie, watu wanaihubiri kama ya mtoto aliyekula na nguruwe, mi jicho langu liko kwa yule kaka mkubwa wa Luka 15 amesimama nje ya sherehe anabishana na babake kuhusu mbuzi. Hata mwana-mbuzi hujawahi kunipa! Huyo mimi namwelewa, huyo drili yake iliungua. Halafu yule mzee nae, kamwona mtoto yuko mbali akakimbia kumfuata. Mtu mzima, ana mashamba na watumishi, anakimbia barabarani, hapa Mbagala mzee mwenye heshima zake akitimua mbio watu wote wanauliza mwizi kaelekea wapi. Na kijana alikuwa kakariri hotuba ndefu, nifanye kama mmoja wa watumishi wako, hata kufika kwenye kipengele hicho hakufika, mzee keshaita watu walete joho bora na pete. Tena yule alirudi toka nchi ya mbali. Wangu wa Dodoma ana treni ya umeme tangu 2024, masaa matatu na kitu yuko Dar, na haji.

Basi mchana wa siku hiyo ya shikamoo, kazi imepungua, nikapiga ile namba niliyoifuta. Ikaita mara mbili. "Shikamoo kaka." Nikasema marahaba. Kimya. Nasikia daladala upande wake, konda anaita Pugu Pugu. Nikasema nilikuwa nakujulia hali tu. Akasema niko salama kaka, aah, samahani kwa ile drili, nilikuwa naona aibu. Nikasema achana nayo nishaisuka. Akasema kweli? Nikasema kweli. Akasema afadhali maana nina kabati nataka kulipigilia ukutani.

Nikakata simu nikacheka peke yangu mpaka jamaa wa redio akageuka. Nusu saa haijapita mama anapiga toka Ifakara, sijamtumia hata mia, sauti kama ya msichana, anaongea mpaka mambo ya mpunga na mvua, anacheka tu. Hakuuliza umeongea nae.

Jioni kitinda mimba wangu, Kadogo, ana miaka sita, kaja kukaa na mimi nyumbani nikimalizia feni la mteja. Huyu kazi yake ni kushika tochi. Anashika vibaya huyo mtoto! Natafuta skrubu kwenye bushi, mwanga uko kwenye ukuta, namwambia mulika hapa, ananimulika machoni. Nina tochi ya kichwani, nimeinunua elfu nane, iko kwenye boksi, siivai akiwepo. Kazi ya dakika kumi inakula nusu saa, anauliza baba hii nini, koili, inafanya nini, inazungusha, kwanini, na haombi kitu. Halafu akasinzia tochi mkononi, inamulika dari, mi nikafunga skrubu za mwisho kwa kupapasa nisimwamshe.

Saa mbili usiku meseji ya pili ya Dodoma bado. Uvumilivu ukaisha, nikapiga. Nikasema we kijana una nini? Akasema sina kitu baba. Umefukuzwa? Hapana. Umempa mtu mimba? Baba! Akasema nilikuota tu usiku, uko juu ya ngazi unafunga feni, nikasema nikusalimie. Kiuno kinaendeleaje?

Nikashindwa kujibu, koo imekaa vibaya. Nikasema haya usiku mwema, nikakata, nikakaa kidogo, nikamtumia elfu kumi. Hajaomba. Na ya kutolea juu.

Mama watoto hakusema kitu, alikuwa anatabasamu tu na ungo wake.

Basi nikaingia chumbani, nikapiga magoti, nikajiapiza leo siombi kitu. Leo naenda kusalimia. Hakuna Simba wa Yuda wala Bwana wa majeshi. Nikasema, "Baba, nimekuja kukusalimia tu." Nikakaa. Sasa baada ya hapo unasema nini? Sikuwahi kufika sehemu hiyo mimi! Nasikia mbu, nasikia muziki wa baa ya mtaa wa pili, fremu inataka kunitoka mdomoni naimeza, dalali anakuja namrudisha. Nikasema, "Kiuno kinaendelea vizuri." Nikakaa tena. Mara paa, giza, feni linapunguza mwendo pole pole mpaka likasimama, LUKU imekata uniti.

Mlango ukafunguka, tochi moja kwa moja machoni.

"Baba, unaongea na nani?"

"Na Baba yangu."

"Mwambie umeme umeisha."