Mbuzi Walishaliwa, Mama Anaolewa Tena

Katika ruracio (sherehe ya Kikuyu ya kutoa mahari) moja niliyohudhuria Limuru, akina mama sita walijifunika leso gubigubi, na bwana harusi akatakiwa amtambue wake. Alikuwa Mluo wa Siaya, mstaafu, mgane wa miaka 66. Alifika kwa wa tatu, akainama. "Ni huyu. Goti la kushoto linamsumbua, hawezi kusimama wima." Vigelegele vikapasua hema.

Kabla ya hapo palikuwa na ubishi wa saa mbili. Mjomba wa bibi harusi alishikilia kwamba mbuzi wa binti huyu walishaliwa mwaka 1984. Ukoo hauli mahari mara mbili. Wana wa bibi harusi nao hawakujua wakae upande gani, wa wenye mwali au wa watazamaji.

Tukiona ndoa za namna hii husingizia umri au kabila. Mimi naona ugomvi wenyewe ni shamba na kaburi. Mtazame Wambui Otieno, Mkikuyu aliyeolewa mwaka 1963 na wakili Mluo, S.M. Otieno. Mume alipofariki Desemba 1986, mjane alitaka amzike shambani kwao Upper Matasia, karibu na Ngong. Umira Kager, ukoo wa mume, ukataka azikwe kwao Nyalgunga, Siaya, na Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ushindi. Mwaka 2003, akiwa na miaka 67, Wambui akaolewa na Peter Mbugua, fundi wa mawe wa miaka 25. Safari hii kabila lilikuwa moja, na kelele hazikupungua. Mandela alipomwoa Graça Machel wa Msumbiji siku alipotimiza miaka 80, Julai 18, 1998, tulishangilia. Lakini yeye alikuwa mwanamume, tena Rais.

Hata hivyo siwacheki watoto wanaonuna. Nyumba aliyoijenga baba kwa mkopo wa miaka 20, leo viatu vya mwanamume mwingine viko mlangoni. Lazima mtu aulize hati iko kwa nani. Huko si kukosa adabu.

Tatizo ni kwamba swali hilo huulizwa mama peke yake. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, iliandikwa hivi: mke akiachwa na watoto bila wosia, haki yake ya kuitumia mali iliyobaki hukoma akiolewa tena. Mume aliyefiwa hakuwekewa sharti hilo. Sishangai basi nikiona mama mtu mzima anaishi na mzee wake kimyakimya bila cheti, halafu kanisani ananyimwa meza ya Bwana. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inaruhusu wachumba kuandikiana mkataba kabla ya arusi. Kwa vijana unanuka shaka, nakubali. Kwa watu wenye wajukuu, ningeuandika kabla ya kukodi hema.

Kule Limuru, mwana mkubwa wa bwana harusi ndiye aliyethubutu. Kaburi la mama yake liko mbele ya nyumba, Siaya. "Wazee, samahani. Huyu mama atazikwa wapi?"

Bibi harusi hakungoja wasemaji. "Mimi nizikeni hapa. Baba yenu mrudisheni kwa mama yenu. Katikati hapo, tuacheni."

Mjomba akakohoa, akasema atapokea mbuzi mmoja. Wa kuonja tu.