Acha kuzungusha orodha: modi ya leya huchaguliwa kwa hesabu

Photoshop, programu ya kuhariri picha, ina modi 27 za kuchanganya leya (tabaka zinazopangwa moja juu ya nyingine), na watu wengi huzichagua kwa namna moja: wanafungua orodha, wanashuka nayo jina kwa jina, wanasimama pale picha inapopendeza. Tangu toleo la CC 2019 jambo hili limekuwa rahisi zaidi, kwa sababu ukipitisha kishale juu ya jina la modi picha hubadilika papo hapo hata kabla hujabofya. Kwangu mimi hiyo ndiyo njia mbovu kuliko zote za kujifunza uhariri wa picha. Utapata kitu kinachovutia kwenye picha hii, na kesho modi ileile itaiharibu picha nyingine bila wewe kujua sababu. Modi ni hesabu inayofanywa pikseli kwa pikseli, yaani nukta kwa nukta ya picha, na hesabu zenyewe si ngumu.

Anza na swali moja tu: katika modi hii, ni rangi gani ya leya ya juu isiyobadilisha chochote chini yake? Kwenye kundi linalotia giza, yaani Darken, Multiply, Color Burn na Linear Burn, rangi hiyo ni nyeupe. Kwenye kundi linaloangaza, Lighten, Screen, Color Dodge na Linear Dodge, ni nyeusi. Kwenye kundi la Overlay, Soft Light, Hard Light na ndugu zao, ni kijivu cha 50%, isipokuwa Hard Mix ambayo haina rangi ya namna hiyo. Ukishika hayo matatu umeshaelewa kwa nini saini iliyoandikwa kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe huwekwa Multiply, na kwa nini moshi au cheche zilizopigwa picha mbele ya pazia jeusi huwekwa Screen. Weupe wa karatasi unapotea, weusi wa pazia unapotea, kinachobaki ndicho ulichokitaka.

Sasa tazama inapoharibika. Umeskani saini, ukaiweka Multiply juu ya barua, na bado unaona kisanduku hafifu kuizunguka. Tatizo haliko kwenye modi. Multiply huzidisha thamani ya pikseli ya juu kwa ya chini (0 ni nyeusi, 255 ni nyeupe), kisha hugawanya kwa 255. Karatasi iliyoskaniwa ni nadra kutoka na 255 kamili. Mara nyingi ni 240 hivi, na pembeni hushuka zaidi. 240 kwa 255 ni asilimia 94, kwa hiyo kila kilicho chini ya "weupe" ule kinapoteza asilimia 6 ya thamani yake, na jicho hukiona kisanduku mara moja kwa sababu kina kingo zilizonyooka. Dawa ni kuweka Levels, leya ya kurekebisha weusi na weupe, juu ya leya ya saini peke yake, uibane kwenye leya hiyo ili isiguse nyingine, kisha uvute alama nyeupe ya kulia kutoka 255 hadi 235 au chini kidogo, mpaka karatasi yote ifike 255. Kwa moshi fanya kinyume: vuta alama nyeusi ya kushoto kwenda kulia mpaka pazia lifike 0. Pazia lenye thamani 12 litaacha utando wa kijivu juu ya picha nzima, na utando huo huonekana vibaya zaidi kwenye vivuli. Wanaokimbilia kifutio kusugua pembeni ya kisanduku wanapoteza muda, tena wanabakiwa na kingo chafu.

Multiply na Screen hutumika pia kurekebisha mwanga, kwa kunakili leya ya picha na kuiweka juu yake yenyewe. Hapa kuna bei ya kulipa ambayo mafunzo mengi hayaitaji. Pikseli yenye 128 ikizidishwa na nafsi yake hushuka hadi 64, sawa. Lakini yenye 20 hushuka hadi 2, na katika picha ya biti 8 kila kitu kuanzia 11 kwenda chini huwa 0. Maelezo ya nywele nyeusi au ya koti jeusi yamekwenda. Screen hufanya vivyo hivyo upande wa pili: 128 hupanda hadi 192, na kila kilichoanzia 244 kwenda juu hugeuka 255. Tena kumbuka kwamba 255 mara 255 gawanya kwa 255 ni 255 ileile. Anga iliyoungua, yaani iliyogeuka nyeupe tupu, haitarudi kwa Multiply hata ukirundika leya kumi.

Badala ya kunakili picha, weka leya ya marekebisho ya Curves (mstari unaopindwa kubadilisha mwangaza) bila kugusa mstari wake, kisha ibadilishe iwe Multiply. Matokeo ni yaleyale ya kunakili, faili haliongezeki uzito wa picha nzima, na maski, ile inayoamua leya ionekane wapi, tayari unayo. Jaza maski kwa nyeusi, halafu paka nyeupe pale tu unapohitaji giza. Ukifuta madoa kwenye picha ya chini, leya hii inafuata yenyewe, ilhali nakala ingebaki na madoa yake.

Kwenye Multiply na Screen, kubadilisha mpangilio wa leya mbili zenye Opacity ya 100% (zisizofifishwa hata kidogo) hakubadilishi kitu. Kwenye Overlay kunabadilisha, na hapa ndipo watu wengi hukwama. Overlay huitazama leya ya chini: pikseli ya chini ikiwa na giza kuliko kijivu cha katikati inafanya Multiply iliyokuzwa mara mbili, ikiwa angavu inafanya Screen ya namna hiyo. Chukua thamani 200 juu na 100 chini: Overlay inatoa 157. Zigeuze, 100 juu na 200 chini: inatoa 188. Hard Light ni hesabu hiyohiyo, ila anayetazamwa ni leya ya juu. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni nani mwenye sauti. Ukitaka umbile la ukuta au kitambaa liingie kwenye picha bila kuifuta sura ya picha, Overlay au Soft Light. Ukitaka umbile ndilo litawale, Hard Light.

Soft Light ndiyo modi ninayoitetea kuliko zote kwa kazi ya kuangaza na kutia giza sehemu ndogondogo za uso. Katika Photoshop shikilia Alt (Option kwenye Mac) ukibofya alama ya leya mpya. Kwenye kisanduku kinachofunguka chagua Soft Light kisha weka tiki pale panapokubali kujaza kijivu cha 50%. Chukua brashi yenye Hardness (ukali wa ukingo) 0, Opacity 100% na Flow (kiasi cha rangi inayotoka) kati ya 3% na 8%. Nyeupe huangaza, nyeusi hutia giza, na ukikosea unapaka kijivu kilekile juu ya kosa. Flow ndogo si ushauri wa kubembeleza. Brashi yenye Flow ya 30% huacha alama za mipigo ambazo huzioni ukiwa umekuza picha hadi 200%, lakini mtazamaji ataziona kwenye ukubwa wa kawaida kama madoa ya vumbi. Overlay kwa kazi hii huongeza ukolevu wa rangi ya ngozi upesi mno, hasa wekundu wa pua na masikio. Na zote mbili haziwezi kugusa pikseli iliyo 0 au 255 kamili: ng'ao la mafuta lililoungua kwenye paji la uso utalipaka nyeusi mchana kutwa na halitasogea. Hilo linataka kurudishiwa rangi kwanza kwenye leya ya kawaida.

Jihadhari na njia ya mkato ya kibodi. Shift pamoja na alama ya kujumlisha au kutoa hukupeleka kwenye modi inayofuata ya leya, lakini ukiwa umeshika brashi hubadilisha modi ya brashi yenyewe. Ghafla brashi haipaki, au inapaka kitu cha ajabu, na mtu anawasha kompyuta upya bure. Tazama juu kwenye upau wa brashi, rudisha Normal. Ukitaka kubadilisha modi ya leya, bonyeza V kwanza, ushike zana ya kusogeza badala ya brashi.

Modi mbili za chini kabisa ya orodha, Color na Luminosity, zinastahili matumizi makubwa kuliko zinavyopata. Ukipinda Curves iwe umbo la S ili kuongeza kontrasti, chaneli tatu za rangi (nyekundu, kijani na bluu) hupindwa kila moja kivyake, na ngozi inageuka ya machungwa. Ibadilishe leya hiyo ya Curves iwe Luminosity: kontrasti inabaki, rangi inarudi ilivyokuwa. Vivyo hivyo kwa leya ya kunoa picha, ambapo kingo zenye vimstari vya zambarau au kijani hupoa mara tu ukiweka Luminosity.

Color nayo hufanya kinyume chake, huchukua rangi ya juu na kubakiza mwangaza wa chini. Mwangaza huo hupimwa kwa takriban 30% ya nyekundu, 59% ya kijani na 11% ya bluu, na hapo ndipo penye jibu la lalamiko la kila anayetia rangi picha za zamani: mbona manjano yangu yanatoka kama matope? Manjano safi yana mwangaza wa karibu 89%. Shati la kwenye picha likiwa na mwangaza wa 20%, Color inaulazimisha mwangaza huo ubaki, na manjano yenye giza ndiyo ile rangi ya matope. Liangaze shati kwanza kwa Curves yenye maski, ndipo upake. Pale palipo nyeupe tupu au nyeusi tupu Color haipaki kabisa, maana hakuna rangi inayoweza kuwa na mwangaza wa 100% isipokuwa nyeupe yenyewe, wala wa 0% isipokuwa nyeusi.

Kuna modi nane ambazo kwazo Fill na Opacity, vitelezi viwili vya kufifisha leya, si kitu kimoja: Color Burn, Linear Burn, Color Dodge, Linear Dodge, Vivid Light, Linear Light, Hard Mix na Difference. Kwa nyingine zote ukishusha hiki au kile ni sawa, mradi leya haina Layer Style (madoido kama kivuli). Kwa hizi nane, Opacity hufifisha matokeo yaliyokwisha kuungua, Fill hupunguza nguvu ya hesabu yenyewe. Jaribu Color Dodge juu ya taa ya gari kwa Opacity 30%, kisha kwa Fill 30%, na utaona ya pili inawaka kama taa ilhali ya kwanza ni doa jeupe lililopauka. Wanaozidharau modi hizi kwa ukali wao mara nyingi hawajawahi kugusa Fill.

Makundi ya leya yana mtego wake. Kundi jipya huwa Pass Through, yaani leya za ndani zinachanganyika na kila kilicho chini ya kundi. Ukilibadilisha liwe Normal, leya za ndani hazioni tena nje ya kundi. Ile leya yako ya kijivu yenye Soft Light, ikiwa peke yake ndani, itageuka bamba la kijivu lililoifunika picha nzima. Hakuna kilichoharibika. Rudisha Pass Through. Upande wa pili, Normal ni mali pale unapotaka Curves za ndani ya kundi ziguse bidhaa uliyoikata tu na kuiacha mandhari nyuma yake.

La mwisho ni kuhamisha faili kutoka programu moja kwenda nyingine, kwa sababu majina yanafanana lakini hesabu si lazima zifanane. GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, kabla ya toleo la 2.10 la mwaka 2018 ilikuwa na Overlay iliyotoa matokeo ya Soft Light, na hadi leo mafunzo ya zamani yanamfanya mtu ashangae kwa nini picha yake imekuwa kali mno. Toleo hilo pia lilileta modi zinazohesabiwa kwenye mwanga wa mstari (thamani zinazolingana moja kwa moja na kiasi cha mwanga), wakati Photoshop kwa kawaida huhesabu kwenye thamani zilizokwisha kupindwa kwa gamma, mpindo unaozipa nafasi zaidi rangi zenye giza. Faili za XCF (za GIMP) za zamani hufunguka na modi zao za zamani, ambazo zipo bado kwenye kundi la Legacy. Kabla ya kupeleka PSD (faili la Photoshop) yenye modi nyingi kwa mtu anayetumia programu nyingine, toa nakala iliyounganishwa leya zote, TIFF ya biti 16, na umpelekee pamoja nayo. Kule aiweke juu kabisa kwa Difference, na juu yake aweke Levels iliyovutwa alama nyeupe hadi 30 hivi ili tofauti ndogo zionekane. Palipo peusi pamefanana. Panapong'aa, modi imesomwa tofauti, na azime leya moja moja mpaka aipate.