Mwacheni bibi ale sato wake

Kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza. Jamaa anawaambia wazee waache samaki na wafunge siku tatu kila wiki, eti protini "inawasha swichi ya uzee". Mwishoni, kama kawaida yao, anauza unga wa “afya”.

Swichi yenyewe ipo, inaitwa TOR. Jina limetokana na rapamaisini, dawa iliyopatikana kwenye udongo uliochotwa kisiwa cha Rapa Nui mwaka 1964. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba panya walioanza kupewa dawa hiyo wakiwa na siku 600, wazee tayari, waliishi zaidi ya wenzao. Amino asidi, vipande vinavyounda protini, zikijaa, hasa ile iitwayo leusini, TOR huiamuru seli ijenge. Zikipungua, seli hugeukia kusafisha takataka zake. Mpaka hapo, shingo upande, nakubali.

Ila msuli nao hujengwa kwa swichi hiyohiyo! Na msuli wa mzee ni mzito wa kusikia: protini inayomtosha kijana, kwake huamsha kidogo tu. Ndiyo maana mzee hushauriwa gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Bibi wa kilo 55 anahitaji gramu 55 hadi 66, na asizirundike usiku. Asubuhi matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) na chai ya rangi, mchana ugali na mchicha, usiku ndipo samaki: hapo msuli umeitwa mara moja tu. Agawe. Gramu 100 za sato aliyepikwa, miiba kando, zina karibu gramu 26. Dagaa wakavu gramu 40 hawako mbali na hapo. Mnyime hivyo, mapaja yaishe, ashindwe kuinuka kigodani, aanguke, nyonga ivunjike. Seli zilizojisafisha zitamnyanyua?

(Mwenye figo mbovu hesabu yake ni nyingine, aipange na daktari wake.)

Na kufunga siku tatu huku mtu anameza glibenklamaidi, dawa ya kisukari? Dawa hiyo hulazimisha kongosho kutoa insulini, chakula kiwepo kisiwepo. Sukari hushuka mno: jasho, kutetemeka, kuropoka. Soda itamzindua, kisha sukari inaweza kushuka tena, maana dawa bado imo mwilini. Mpelekeni hospitali.

Mwenye kitambi wa miaka 40 anayeshindilia ugali na soda saa nne usiku, huyo kweli apunguze. Lakini sauti haikutumwa kwake. Yeye hanunui unga.