Jina linauza, ila linauza wapi?

Wiki iliyopita binti wa kaka yangu katupia skrinishoti mbili kwenye grupu la ukoo. Kakubaliwa shule mbili za sheria, moja iko hapahapa Minnesota na wanampa skolashipu ya maana, nyingine iko huko pwani ya mashariki, imeizidi hii yetu nafasi kama thelathini kwenye orodha ya U.S. News ya kupanga shule kwa ubora na skolashipu yake ukiitazama unatamani kulia. Akauliza, jamani niende wapi. Dakika tano hazijaisha watu kumi na moja wameshajibu na jibu ni moja, nenda yenye jina. Baba yake mdogo, ambaye maisha yake yote hajawahi kumuajiri hata mtu wa kumwagilia maua, akaandika "jina linauza mwanangu" na vidole gumba vitatu. Niliweka simu chini nikaenda kuosha vyombo, na vilikuwa visafi.

Linauza wapi sasa? Maana huyu mtoto hajaficha, toka yuko sekondari anasema anataka kuwa wakili wa utetezi wa umma, wale wanaosimama na watu wasio na hela ya kuweka wakili, na anataka kufanyia hapa kaunti yetu ya Hennepin alikokulia. Siyo New York, siyo Washington. Hapa.

Na shule za sheria za Marekani, samahani kwa watakaoumia, nyingi sana ni shule za eneo lake. Haya, Yale, Harvard, Stanford na wenzao kumi na kitu pale juu nakubali, ukitoka huko unatua popote na mlango unafunguliwa. Na kama ndoto yako ni yale maofisi ya mawakili zaidi ya 500 yanayomuanzishia wakili mpya dola 225,000 kwa mwaka, basi fuata namba, sikukatazi. Ila ukishuka chini ya hapo, tofauti ya namba 50 na namba 80 mwajiri wa mji mwingine haijui na wala haimshughulishi, yeye anajua shule tatu nne za kwao ambazo ndizo zilizomsomesha yeye, bosi wake na hakimu anayesimama mbele yake kila Jumatatu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hili siyo siri. Kila shule iliyoidhinishwa na ABA, chama cha mawakili cha Marekani, inalazimika kuweka hadharani ripoti ya ajira za wahitimu wake, inahesabu hali ilivyokuwa kufikia Machi 15 ya mwaka unaofuata, yaani kama miezi kumi baada ya kumaliza. Ni karatasi fupi, hata foleni ya saluni haiishi kabla hujaimaliza. Watu wanasoma ile asilimia kubwa iliyopakwa rangi kwenye tovuti ya shule halafu wanafunga. Ifungue ripoti yenyewe. Angalia wangapi wamepata kazi inayodai leseni ya uwakili, ya kudumu, ya muda wote, siyo ile "kazi ambayo shahada ya sheria ni faida" maana humo kuna kila kitu. Angalia kama shule yenyewe ndiyo inayowalipa baadhi yao mishahara. Halafu shuka mpaka kwenye majimbo matatu yaliyochukua wahitimu wengi. Matatu tu. Kama jimbo unalotaka kuishi halimo, ujue unapanda basi ambalo haliendi kwenu, na dereva hajakudanganya, ameandika mbele kabisa.

Mimi nilipanda. Nilisoma Florida, shule siitaji, nikafaulu mtihani wa uwakili wa Florida nikajiona mtu, halafu nikaolewa Minnesota. Leseni hapa ni ya jimbo kwa jimbo, na Florida hawamo kwenye UBE, ule mtihani wa pamoja ambao alama zake zinakubalika majimbo mengi, kwa hiyo alama zangu hazikuhama na mimi, nikakaa chini kusoma upya nikiwa na mimba ya miezi sita. Leseni ikapatikana, kazi sasa. Kwenye intavyu ya tatu au ya nne mzee mmoja mwenye tai ya bata kaniuliza, kwa nini Minnesota, una mtu huku? Nikasema nina mume. Akauliza, na yeye ana mtu huku? Nilidhani ni ubaguzi, na labda kidogo ulikuwepo, ila baadaye nimekaa upande ule wa meza na nimejikuta nauliza swali hilohilo, maana unamfundisha mtu miaka miwili halafu baridi ya Januari inampiga anarudi kwao. Waliosoma hapa hawaulizwi. Walishafanya mafunzo kwenye mahakama hizihizi wakiwa mwaka wa pili, walifundishwa jioni na waendesha mashtaka wa hapa, siku nafasi inatokea kuna mtu anasema "si yupo yule binti aliyekuwa kwetu kiangazi kile". Nafasi imeondoka kabla haijatangazwa.

Wisconsin jirani zetu wamevuka mipaka kabisa, ukimaliza Marquette au University of Wisconsin na kutimiza masharti yao hufanyi hata mtihani wa uwakili, ila raha hiyo ni ya Wisconsin tu.

Ndiyo, najua mtaniletea habari za mawakili wa uhamiaji. Kweli, hiyo ni sheria ya shirikisho, leseni ya jimbo lolote inatosha. Lakini yeye hajasema uhamiaji.

Na hela jamani. Kuanzia Julai 1, 2026 mikopo ya shirikisho kwa wanaoanza shule kama hizi ina kikomo, dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 jumla, ule mlango wa mkopo wa Grad PLUS waliokuwa wanajazia pengo umefungwa kwa wapya. Pengo la huko mashariki atajaza nani, vile vidole gumba?

(Skolashipu ya hapa nayo nimemwambia aulize kama inakatwa GPA, yaani wastani wa alama, ikishuka. Sijapofuka kwa mapenzi ya Minnesota.)

Sikuandika haya kwenye grupu, nilimtumia yeye pembeni ripoti mbili bila neno. Jana usiku kajibu. "Shangazi nimeona. Ya mashariki, jimbo la kwanza ni hilohilo shule ilipo, la pili jirani yake, la tatu New York. Minnesota haipo." Nikaanza kuchapa, kabla sijamaliza ikaingia nyingine.

"Ila baba mdogo keshawatangazia kanisani kwamba naenda mashariki."