Shimo la sahani Kunduchi: makumbusho yaulize nini kabla ya kupokea malikale?

Ukiiacha barabara ya Bagamoyo na kushuka pwani ya Kunduchi, utakuta magofu ya msikiti na makaburi ya kale yenye nguzo. Waliozijenga nguzo zile walipachika kwenye chokaa sahani na mabakuli ya kauri yaliyokuja na majahazi kutoka mbali, mengine kutoka China. Leo kinachoonekana zaidi ni mashimo ya duara, mviringo wa chombo ukiwa umebaki ukutani na chombo chenyewe hakipo.

Nimesimama mbele ya mashimo hayo zaidi ya mara moja nikijiuliza ni nani aliyetoa vyombo. Vyombo vya makaburi ya pwani yetu vimeondoka kwa njia mbili. Kuna vilivyochukuliwa na wahifadhi na kupelekwa makumbusho visije vikaibiwa, na kuna vilivyong'olewa na watu waliojua kwamba mahali fulani yupo mnunuzi. Ukiliangalia shimo huwezi kujua lipi ni lipi. Jibu liko kwenye daftari la usajili mahali fulani mjini, au halipo kabisa.

Ndiyo maana mjadala wa makumbusho na vitu vya kale naona tunauanza katikati. Tunauliza kitu kiko wapi: Berlin, London, Geneva. Kabla ya hapo kuna swali jingine: kilitokaje mkononi mwa mwenyewe, na nani aliandika?

Chukua kisa kinachotuhusu wenyewe. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa hapa Dar es Salaam yaliibiwa, na miongoni mwa vilivyoondoka ni kinyago cha Wamakonde. Mwaka uliofuata kilikuwa kimeshanunuliwa na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, jumba la binafsi linalosifika kwa mikusanyo yake ya sanaa za Afrika. Mwaka 1990 profesa wa Italia, Enrico Castelli, akakitambua na kutoa taarifa. Tangu hapo ikapita miaka 20. Makubaliano ya kukirudisha yalitiwa saini Paris mwezi Mei 2010, na neno lililotumika kwenye karatasi ni kwamba Geneva inakitoa kama mchango kwa Makumbusho ya Taifa ya Tanzania.

Neno hilo lilinichoma nilipolisoma. Ng'ombe akiibwa zizini kwako, aliyekutwa naye hakupi zawadi anapomrudisha.

Hata hivyo upande wa pili una hoja, na si hoja ya kitoto. Makumbusho yale hayakuvunja mlango wa mtu. Yalinunua sokoni, yakalipa, na yalishikilia kwamba yalinunua kwa nia njema. Sheria ya Uswisi ya wakati ule ilimpa aliyeibiwa miaka mitano tu ya kumdai mnunuzi wa namna hiyo, na kufikia 1990 miaka hiyo ilikuwa imepita. Mkataba wa UNESCO wa 1970, unaozuia biashara haramu ya mali za utamaduni, Tanzania iliuridhia mwaka 1977, lakini Uswisi iliungana nao mwaka 2003, na mkataba hauangalii nyuma. Mwanasheria wa Geneva angeweza kukaa kimya na kinyago kikabaki kule daima. Kwa hiyo neno "mchango" lilimlinda mwenye nacho asionekane mwizi, na sisi tukapata kitu chetu. Ningependa neno jingine, ila kama bei ya kinyago kurudi ilikuwa neno hilo, ningelilipa.

Wengi wanapokisimulia kisa hiki huruka sehemu moja. Ibara ya 7 ya mkataba ule inakataza nchi kuingiza kitu kilichoibwa kutoka makumbusho, mradi kitu hicho kimo katika orodha ya taasisi iliyoibiwa. Hoja yetu ilikuwa na miguu kwa sababu kinyago kilijulikana kuwa ni mali ya jumba fulani, katika mji fulani, kikatoweka mwaka fulani. Sasa rudi Kunduchi. Bakuli lililong'olewa kaburini usiku halikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Likitokea kesho kwenye mnada wa Ulaya, nani atathibitisha kwamba lilitoka kwenye shimo hili na si kwenye kabati la bibi wa mtu? Mkataba unakilinda vizuri kilichosajiliwa. Kilichoko ardhini na makaburini, ambacho ndicho kingi, unakilinda kwa maneno tu.

Je, daftari likiwepo mambo yamekwisha? Hapana, na mfano uko Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kilima cha Tendaguru. Mamia ya wenyeji walifanya kazi ile, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, na mizigo ilibebwa kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Takriban tani 225 za visukuku zikasafirishwa kwenda Berlin. Dinosaria mkubwa anayesimama leo katika makumbusho ya elimu ya viumbe ya mji ule, urefu wake zaidi ya mita 13 kwenda juu, ametoka huko. Kumbukumbu za uchimbaji zimeandikwa kwa umakini ambao ningetamani kuuona kwenye kila uchimbaji. Lakini vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha 1907 tu, na kusini yote ilikuwa imechomwa na kushindishwa njaa. Nani angeombwa ruhusa, na angekataaje? Karatasi zipo. Kilichokosekana ni ridhaa. Wabunge wa Lindi wamelizungumza suala hili bungeni mara kadhaa, na sidhani kama wanasukumwa na tamaa ya watalii peke yake.

Wanaotetea Berlin husema bila fedha na mafundi wao, mifupa ile ingekuwa bado ardhini au imesagika. Sikatai. Kuichimbua, kuisafisha na kuiunganisha ilikuwa kazi ya miaka, na dinosaria yule alisimamishwa mwaka 1937. Lakini hiyo ni hoja ya kugawana faida na elimu. Haimpi mtu umiliki. Fundi akikutengenezea nyumba kwa gharama zake anakudai fedha. Nyumba haigeuki kuwa yake.

Kuna na upande wa kukosa karatasi kabisa, nao unatisha zaidi. Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Halikurudi hadi 1954, baada ya Gavana Twining wa Tanganyika kwenda Bremen mwenyewe. Katika makumbusho ya kule alikuta mafuvu yapatayo 2,000, kati yake 84 ya kutoka Afrika Mashariki. Lililochaguliwa ni lile ambalo vipimo vyake vilikaribiana na vya ndugu wa Mkwawa walio hai, na lilikuwa na tundu la risasi. Leo liko Kalenga, na Wahehe wanalipa heshima yake. Sitaki kumtia mtu shaka kwenye jambo la msiba. Nasema tu kwamba mtu aliyekuwa mtawala mashuhuri kiasi cha kutajwa kwenye mkataba wa amani wa dunia ilibidi atafutwe kwa rula. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin waliopima vinasaba vya mafuvu yaliyochukuliwa Uchagani waliwapata ndugu walio hai wa baadhi ya watu hao, zaidi ya miaka 100 baadaye. Hao walikuwa na bahati ya kujulikana mahali walikotolewa. Wengi waliandikiwa namba tu.

Haya, tuje kwenye hoja inayotuuma: kwamba hatuwezi kutunza. Siku ya Krismasi 2020 sehemu ya Beit el Ajaib ya Unguja iliporomoka, jumba lililokuwa makumbusho ya historia ya pwani yetu, na watu wawili wakafa. Dalili zilikuwa zimeonekana kwa miaka. Anayetuuliza juu ya paa na nyufa ana haki ya kuuliza. Lakini Agosti 2023 Makumbusho ya Uingereza ya London yalikiri kwamba vitu vipatavyo 2,000 vimepotea, vimeibwa au vimeharibiwa, na vingi havikuwa vimesajiliwa ipasavyo, kwa hiyo hata kujua kimepotea nini ilikuwa kazi. Usalama hautokani na utajiri wa mji peke yake. London nayo iliumizwa na daftari lisilojazwa.

Nimekaa sana na Ulaya, na nyani haoni kundule. Swali gumu zaidi liko hapa nyumbani: makumbusho yetu yafanye nini mzee anapofika mlangoni na kitu cha kale kilichofungwa kwenye kanga?

Wapo wanaosema yanunue. Yasiponunua, kesho kitu kile kitakuwa kwenye sanduku la mgeni pale uwanja wa ndege, na hatutakiona tena. Wengine wanasema yasinunue kamwe, kwa sababu shilingi ya kwanza ikitoka, mwezi ujao vijana kumi watakuwa na majembe Kilwa. Kanuni za maadili za baraza la kimataifa la makumbusho, ICOM, zinakataza kupokea kitu ambacho historia yake haikuchunguzwa tangu kilipotengenezwa au kugunduliwa, lakini zinaacha mlango mdogo: makumbusho yanaweza kuwa kimbilio la mwisho la vitu visivyo na historia vilivyotoka katika eneo lake lenyewe. Kwetu mlango huo ni muhimu, na unahitaji bawabu.

Maoni yangu ni kwamba tutenganishe kilichorithiwa na kilichochimbwa. Sheria yetu ya mambo ya kale ya 1964 inalinda, pamoja na mengine, milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Hapa Dar es Salaam utaiona milango ya namna hiyo kwenye mahoteli na migahawa, imesimamishwa ukutani kama pambo, na mara chache sana nimesikia mtu akiuliza ilitolewa nyumba gani. Fikiria mjane wa Kilwa Kivinje ambaye nyumba ya mumewe inaanguka na mlango ndio mali pekee iliyobaki. Akija dalali na fedha taslimu, tumwambie asiuze kwa ajili ya urithi wa taifa, halafu taifa lisimpe hata bati? Huyu makumbusho yamlipe, tena bei ya haki, na kabla ya fedha yakae naye barazani yaandike: nani alichonga, nani aliishi, mlango ulitazama upande gani. Maelezo hayo yana thamani kuliko mbao. Ushahidi wa majirani unapatikana, na wanaodai urithi wanaweza kuitwa.

Kilichochimbwa ni jambo jingine. Sarafu ya shaba ya Kilwa ikiwa ardhini inamwambia mtaalamu tabaka ilimolala, ilikuwa karibu na nini, na jengo lile lina umri gani. Ikitolewa kwa jembe inabaki kipande cha shaba. Kuinunua ni kulipia uharibifu. Hapa nawaunga mkono wanaokataa, hata kama maana yake ni kwamba baadhi zitatuponyoka.

Nitajibiwa kwa mfano wa Uingereza. Kule sheria ya hazina ya 1996 inamlipa aliyeokota na mwenye shamba kwa thamani ya soko, na watu wanaripoti. Ni kweli wanaripoti. Lakini kule kuna maofisa wa kupokea taarifa karibu kila jimbo, na hata hivyo wanaakiolojia wao wengi wanalalamika kwamba malipo yale yamezaa jeshi la watu wenye mashine za kutafutia chuma. Kuleta bei ya soko Kilwa au Kaole bila maofisa ni kuwasha moto na kuondoka.

Soko lenyewe nalo lina vituko vyake. Mchongaji wa Mwenge ninayemfahamu aliniambia wateja wengi wa nje hawaulizi kazi nzuri, wanauliza "cha zamani". Kwa hiyo cha zamani kinatengenezwa: moshi, udongo, kuachwa kwenye mvua. Hamdanganyi mtu akimwambia umri wa kweli, na mti ni wake. Ila kinyago hicho kikipita mikono mitatu kinaweza kufika kwenye kabati la kioo ughaibuni kikiwa na maelezo ya karne iliyopita. Makumbusho yasiyouliza yanajaza kabati zake vitu vya wizi na vya uongo kwa pamoja.

Ninachokitaka basi kinaanzia chini ya bei. Pawe na dirisha la usajili Bagamoyo, Kilwa, Mikindani, na hapa mjini, ambapo mtu anaweza kuleta alichonacho, kikapigwa picha, kikapimwa, kikaandikwa jina la ukoo na mahali, halafu akaondoka nacho nyumbani bila kuogopa kukamatwa. Kikiibwa mwaka wa pili, tutakuwa na ukurasa wa kumpelekea mnunuzi wa Geneva. Kwa aliyeokota kitu ardhini akaja kusema bila kuchimba zaidi, nauli na posho ndogo iliyopangwa, sawa kwa sarafu ya shaba na ya dhahabu, ili anacholipwa kiwe taarifa.

Kazi ingeweza kuanza na Kunduchi yenyewe. Mashimo yanahesabika. Kila moja lipewe namba, lipimwe mviringo wake, halafu mtu akae na madaftari ya Makumbusho ya Taifa, bakuli moja baada ya jingine, aone ni mashimo mangapi yatabaki bila chombo.